Mass Effect 2: kilichopunguzwa, kilichoongezwa, na kile kibandiko cha umri

Leo naweka msimbo kando. Nataka tuongee gemu, na nataka tuongee swali ambalo dada yangu aliniuliza nikiwa nimesimama mlangoni, nikakosa jibu. Mimi, mtu wa digrii ya kompyuta!

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu wa miaka 13 alikuja kwangu hapa Lanet kwa likizo ya Agosti. Dada alipomleta kutoka Molo alikuta nimeacha Mass Effect 2 ikiwa wazi kwenye skrini. Akasoma kile kibandiko cha umri, akanigeukia. "Hii wameandika ni ya miaka kumi na saba kwenda juu. Wewe ndiye umesomea hizi vitu. Inamfaa huyu mtoto ama haimfai?" Kijana naye ananiangalia kwa macho ya kuomba. "Anko, si hata wewe uliicheza ukiwa mdogo?"

Nikasema nitampigia simu. Nilimpigia baada ya siku tatu. Nitakueleza nilichomwambia, lakini kwanza twende polepole.

Kwa wasioijua: Mass Effect ni mchezo wa kuigiza uhusika uliotengenezwa na BioWare, kampuni ya Edmonton, Kanada. Wewe ni Kamanda Shepard, una chombo cha anga, una kikosi, na unaamua mambo kwa mazungumzo kama unavyoyaamua kwa bunduki. Wa kwanza ulitoka Novemba 2007, wa pili Januari 2010, wa tatu Machi 2012. Mei 2021 yote mitatu ilirekebishwa ikatolewa pamoja kama Legendary Edition. Hiyo ndiyo niliyo nayo sasa. Inataka karibu gigabaiti 120, na kwa intaneti ya mtaa wangu hizo ni usiku kadhaa za kuomba stima isipotee.

Lakini mara ya kwanza kuicheza ilikuwa mwaka 2011, kwenye kompyuta ya binamu yangu pale Section 58. Nilikuwa na miaka 13. Diski zilikuwa mbili, za kuchomwa, ndani ya bahasha nyeupe, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino na herufi moja imekosewa. Hapakuwa na kibandiko cha umri. Bahasha nyeupe haina kibandiko. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Sasa, mabadiliko. Wapenzi wa mchezo wa kwanza walipiga kelele sana kuhusu huu wa pili, na nusu ya kelele hizo naielewa. Mchezo wa kwanza ulikupa mkoba uliojaa bunduki, deraya na vifaa mpaka unachanganyikiwa. Huu wa pili ukaufuta mkoba wote. Ujuzi wa kila mhusika ukapunguzwa sana. Ule wa kwanza ulikupa pointi kwa kila adui uliyemwangusha. Wa pili unakupa mwisho wa kazi, kama mshahara. Bunduki za kwanza hazikuwa na risasi za kuhesabu, zilikuwa zikipata moto tu, ukasubiri zipoe. Za pili zinataka vibebajoto vya kuokota sakafuni, yaani risasi kwa jina lingine. Kisha hadithi inajaribu kutushawishi kwamba hayo ni maendeleo ya teknolojia. Galaksi nzima, kwa miaka miwili, imetoka kwenye silaha isiyoisha risasi ikaenda kwenye inayoisha! Hapo nacheka kila mara.

Na ile gari, Mako. Ilikuwa inapanda milima ya sayari tupu kama Probox iliyoamua kushuka Menengai bila barabara. Iliondolewa. Badala yake tukapewa kukaa angani, kushika kitufe, na kupitisha kidole juu ya sayari kutafuta madini. Palladium, platinum, iridium. Saa nzima. Anayesema anaipenda kazi hiyo ana lake.

Lakini nikiangalia kama mtu anayeandika programu kwa riziki, nawatetea. Kila mmoja wetu amewahi kurithi mfumo wenye vitufe arubaini ambavyo watumiaji wanagusa vinne. Ukithubutu kufuta thelathini na sita, utatukanwa na watu wawili waliovipenda, na wengine wote hawatajua hata umefuta nini, wataona tu kazi imekuwa nyepesi. BioWare walifuta. Na nafasi iliyobaki hawakuiacha wazi. Waliweka watu. Kikosi ni wanachama kumi, na wawili wa ziada ukivipata vipande vya nyongeza. Kila mmoja ana shida yake ya nyumbani, na ukimsaidia kuimaliza anakuwa mwaminifu kwako. Mwishoni mnaingia vita ambayo mnaweza wote kufia huko. Nani anapona inategemea uliimarisha chombo au hukuimarisha, nani ulimsikiliza, na nani ulimpa kazi gani. Hata yale madini ya kuchosha yana deni lake hapo: usipoweka ngao na deraya za chombo, kuna mwenzako atakufa kabla hamjatua.

Kuna badiliko jingine ambalo halikupigiwa kelele, nami naliona kubwa kuliko yote. Katikati ya mazungumzo, alama ya buluu au nyekundu inamweka kwenye skrini kwa sekunde chache. Ukibonyeza, Shepard anafanya kitu papo hapo, kwa huruma au kwa ukatili. Usipobonyeza, nafasi imepita. Hakuna kufikiri ukinywa chai. Mtoto wa miaka 13 anabonyeza. Mimi nilibonyeza kila nyekundu iliyotokea, na kwenye gurudumu la mazungumzo nilichagua jibu la chini kulia kila mara, kwa sababu huko ndiko kulikokaa majibu ya jeuri.

Halafu kuna faili. Uamuzi wako wa mchezo wa kwanza unahifadhiwa, mchezo wa pili unausoma, wa tatu unausoma tena. Kwa miaka ile hilo lilikuwa jambo la kushangaza, na halikukosa kasoro. Kuna jamaa mmoja anaitwa Conrad Verner, shabiki wa Shepard. Hata kama ulimtendea wema katika mchezo wa kwanza, wa pili ulikuwa ukisoma kigeu vibaya, naye anakulaumu kwamba ulimwelekezea bunduki usoni. Katika wa tatu waandishi walimfanya akiri kwamba alikumbuka vibaya kwa sababu ya msongo wa mawazo. Kasoro ya msimbo ikageuzwa mzaha. Nimejaribu kutumia sababu hiyo kwa mteja wangu. Haikukubalika.

Sasa tufike kwenye kibandiko. Wakubwa waliogopa nini hasa?

Waliogopa kitanda. Novemba 2007 Singapore iliupiga marufuku mchezo wa kwanza kwa ajili ya tukio fupi la mapenzi kati ya mwanamke na kiumbe wa sayari nyingine mwenye umbo la kike, kisha wakaondoa marufuku na kuupa alama ya miaka 18. Januari 2008 Fox News ya Marekani ikatenga sehemu ya kipindi kuuita mchezo wa ngono. Mgeni wao mmoja, Cooper Lawrence, baadaye alikiri kwa New York Times kwamba alipoutazama ukichezwa, aliona amewahi kuona vipindi vya televisheni vilivyovuka huo. Lakini moshi ulishasambaa. Mmoja wa waandishi wa mchezo wa pili, Brian Kindregan, alieleza mwaka 2021 kwamba mhusika Jack alikuwa ameandikwa kupenda wanaume na wanawake, na kwamba kelele za Fox zilichangia kubadilishwa kwake awe wa wanaume pekee. Sisi Wakenya tusicheke. Rafiki, filamu yetu wenyewe, ilipigwa marufuku hapa Aprili 2018 kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili. Sikuombi ukubaliane na mapenzi hayo. Nakuonyesha tu macho ya wakaguzi huelekea wapi kwanza, Marekani, Singapore na Nairobi.

Na hata kwenye mambo hayo ya kitanda, kilichoniudhi mimi si kitanda. Ni kamera. Miranda anakusimulia maumivu ya kulelewa na baba aliyemtengeneza kama bidhaa, na kamera imekaa nyuma ya kiuno chake. Huo si utu uzima, huo ni utoto. Toleo la 2021 lilirekebisha baadhi ya picha hizo, na mazungumzo yakawa na uzito zaidi. Hakuna neno lililobadilishwa. Walisogeza kamera tu.

Kitu ambacho ni cha watu wazima kwelikweli, sijawahi kusikia mzazi wala mkaguzi akikitaja. Kinaitwa genophage.

Krogan walikuwa watu wa vita. Salarian, wanasayansi, waliwachukua wakawapa vyombo na silaha ili wawapiganie vita ambayo wengine waliishindwa. Vita ikaisha, krogan wakaongezeka, wakataka ardhi, wakaasi. Salarian wakatengeneza maradhi ya kuharibu uzazi wao, na turian wakayasambaza. Tangu hapo, katika mimba elfu moja, inayofika ni moja. Hawakuuawa. Walipunguzwa.

Mimi nimezaliwa na kulelewa Nakuru, mji uliokuwa katikati ya zile ziitwazo White Highlands. Babu zetu wa Bonde la Ufa waliona Vita vya Kwanza vikiisha na serikali ya kikoloni ikigawa mashamba, 1919, kwa wanajeshi wazungu. Askari weusi walirudi mikono mitupu. Vita vya Pili vikaja, wengine wakapelekwa hadi Burma, wakarudi wakawa watu wa kuchunguzwa. Hadithi ya kumtumia mtu kisha kumwogopa sihitaji kutafsiriwa.

Na hofu ya uzazi? Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikipewa wanawake wa umri wa kuzaa ina kitu cha kufunga kizazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema ni salama. Mimi naamini chanjo. Lakini nakumbuka mama akirudi kutoka misa, akikaa jikoni, akiuliza bila kumuuliza mtu, "Na kama ni kweli?" Na Desemba 2022 Mahakama Kuu Nairobi iliamua kesi ya mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi aliyefungwa kizazi bila ridhaa yake, ikakubali kwamba haki zake zilivunjwa. Kwa hiyo yako madai yanayokanushwa, na yako mengine yanayothibitishwa mahakamani. Mtu wa kawaida atajuaje lipi ni lipi?

Ndani ya mchezo kuna Mordin, daktari salarian, mcheshi, anaongea mbio, unampenda mara moja. Yeye ndiye aliyeyaimarisha maradhi hayo yalipoanza kudhoofika. Anakutetea hesabu yake, na hesabu inaingia akilini, hilo ndilo linalotisha. Kisha mnaingia hospitali iliyobomoka, mnakuta maiti ya mwanamke wa krogan aliyejitolea kufanyiwa majaribio ili wengine wapate watoto. Mordin ananyamaza. Mwishowe unaulizwa: takwimu za tiba, zihifadhiwe au zifutwe?

Nikiwa na miaka 13 nilizifuta. Chini kulia. Sikuwa nimesoma kitu, nilitaka kufika kwenye risasi. Baadaye nikacheza wa tatu na faili ileile, nikamkuta mwanamke wa krogan anayeitwa Eve, akafa. Nilidhani hadithi imeandikwa hivyo. Ni mwaka jana tu, kwenye Legendary Edition, nilipohifadhi zile takwimu, nikamwona akiishi. Niliweka kifaa chini. Kumbe ni mimi niliyemuua, kwa kidole, na sikujua kwa zaidi ya miaka kumi.

Basi nilimpigia dada. Nilimwambia kibandiko kimesema kweli, lakini kimekosea sababu. Kitanda kinaruka kwa dakika moja, na anaweza kukaa bila kukiona kabisa. Wasiwasi wangu ni kwamba mtoto ataamua kuhusu uzazi wa taifa zima kama anayechagua rangi ya viatu, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekaa hapo kumuuliza kwa nini. Mimi nilipewa bahasha nyeupe. Huyu hatapewa bahasha nyeupe. Asiicheze peke yake sasa hivi. Akifika miaka 16 tutaicheza pamoja, na tukifika hospitali ile nitazima sauti, tuongee kwanza.

Dada akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo hapana."

"Kwa hivyo bado."

Mpwa wangu alinuna siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza hao krogan walifanya nini hasa mpaka wafanyiwe hivyo. Tukaongea mpaka saa tano usiku, kompyuta ikiwa imezimwa.