Mkataba wa Arusha Una Wenyewe

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliundwa 1967, ikavunjika 1977. Reli, bandari, posta na ndege za pamoja zikagawanywa, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Mkataba wa kuianzisha upya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja chanzo cha kifo hicho waziwazi: utashi hafifu wa kisiasa, mgawanyo wa faida usio sawa, na ushiriki mdogo wa wafanyabiashara na asasi za kiraia. Hilo la tatu viongozi hawalitaji sana majukwaani.

Umoja wa forodha ulianza 2005, soko la pamoja 2010. Lakini 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna, mlango mkuu wa kwenda Uganda, kwa karibu miaka 3. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Mwaka 2025 Tanzania ikawapiga marufuku wasio raia kutengeneza simu, kuwa mawakala wa pesa za simu na kufanya biashara nyingine ndogo. Hoja hazikukosekana, na sumukuvu kweli inaua. Ila maamuzi ya namna hii huwashukia wachuuzi ghafla, mzigo ukiwa tayari barabarani.

Wachuuzi wenyewe wana silaha wasizozitumia. Mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Wengi bado hukimbilia njia za panya, ambako kitu kidogo hakina risiti wala pa kulalamikia.

Vyama vya wachuuzi wa Namanga, Busia, Sirari na Mutukula viungane: vibandike orodha hiyo sokoni, viandike kila kizuizi na tarehe yake, kisha viende mahakamani. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, mradi asipitishe miezi 2 tangu hatua anayoilalamikia ichukuliwe au aijue. Mchuuzi mmoja hatammudu wakili. Chama cha watu mia kitammudu.

Walio mbali na mpaka nao wasikae pembeni. Wajumbe 9 wa kila nchi katika Bunge la Afrika Mashariki huchaguliwa na bunge la nchi yao, na Bunge la sasa la Afrika Mashariki linamaliza muda 2027. Kila mpiga kura amuulize mbunge wake mapema: atampa nani kura hiyo, na kwa rekodi gani ya kutetea wachuuzi?