Mvua ya Hiroshima na majina ya wachimbaji wetu

Hapa kwetu Murara, mvua ikianza kupiga manjanja, wamama na watoto wanakimbia kupanga bidoni na mabeseni chini ya maji. Lakini ile familia yenye mtu kwenye mashimo, Rubaya ama Walikale, inatafuta simu kwanza. Sisi wote tunajua: udongo ukishashiba maji, mlima unashuka.

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu mnaobaki nyumbani, leo nataka niwaambie juu ya siku moja ya mvua niliyoipitisha mbali sana, kule Japani, katika mji wa Hiroshima. Hapana kusema nilienda kutembea kama mtalii. Mwezi wa 6 mwaka 2023, sendika za kule zilitualika watu wachache wa migodi, tuzungumze Osaka juu ya madini yanayoingia ndani ya simu na kompyuta. Kolta yetu ndiyo inatoa tantali, na tantali ndiyo inatengeneza vile vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu. Mikutano ilipokwisha ilibaki siku moja ya kupumzika. Wengine walienda madukani. Mimi na mwenzangu mmoja wa Likasi tukapanda treni, saa moja na nusu hivi. Yeye ndiye alitaka kwenda.

"Muzee, minataka nione kwenye majiwe yetu ilifikaka," aliniambia.

Mwezi wa 6 kule ni majira ya mvua. Tuliteremka mvua ikinyesha ile ndogondogo isiyoisha, tukanunua miamvuli ya plastiki ambayo unaona mtu ndani yake. Ukifika mlangoni mwa duka unakuta vifuko virefu vya kuvalisha mwamvuli ili usilowanishe chini. Mwenzangu alicheka: "Ona, mwamvuli inavalishwa nguo! Kwetu kuko maiti inazikwa bila sanduku." Tukacheka wote wawili, kisha tukanyamaza.

Mji ule umejaa mito na madaraja, na tramu zinapita katikati ya barabara. Bomu lilianguka tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945, saa mbili na dakika 15 asubuhi. Siku tatu nyuma yake, tarehe 9, tramu moja ilikuwa imeshaanza kutembea tena katika ule mji uliogeuka majivu. Sisi wa Goma, tuliorudi kujenga juu ya lava ya 2002 ikiwa bado ya moto, hilo tunalielewa bila mkalimani. Tuliona ile nyumba yenye kichwa cha vyuma vitupu, iliyoachwa vile bomu lilivyoiacha. Tukaingia kwenye musée. Siwezi kueleza yote. Kuko saa ya mkono iliyosimama saa mbili na dakika 15, na baiskeli ndogo ya mtoto. Mbele ya ile baiskeli mwenzangu alitoka nje, nikamkuta amesimama kwenye mvua na mwamvuli wake umefungwa.

Wengi kati yenu wanajua, lakini vijana hawafundishwi vizuri. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu lile ilitoka kwetu Kongo, katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mgodi ulikuwa wa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1940 mkubwa wake, Edgar Sengier, alipeleka New York tani zaidi ya 1,000 za yale mawe. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, kisha likafungua tena mgodi ili lipate mengine. Yote yalikuwa siri. Waliochimba na kubeba hawakuambiwa yale mawe yanaenda kufanya kazi gani. Babu wa mwenzangu alikuwa mmoja wao. Jamaa inajua jina lake la utani tu, na kwamba alikufa akiwa kijana, akikohoa. Alikufa juu ya nini? Hakuna karatasi.

Sasa mnisikilize vizuri, maana kwa ajili ya hili ndiyo nimechukua kalamu. Katikati ya bustani yao kuko nguzo ya jiwe iliyopindwa kama mgongo wa hema, na chini yake sanduku la jiwe. Ndani ya sanduku kuko vitabu zaidi ya 120, na ndani ya vitabu majina ya watu zaidi ya 340,000. Kila tarehe 6 ya mwezi wa 8 wanaongeza majina ya manusura waliojulikana kufa mwaka ule. Kila mwaka tena vitabu vinatolewa, vinafunguliwa ukurasa kwa ukurasa na watu waliovaa gants nyeupe, ili unyevu usiviharibu. Na kuko kitabu kimoja kisicho na jina hata moja. Ni cha wale waliokufa bila kujulikana. Hata wasiojulikana wana kitabu chao!

Msifikiri yote yalikuja kwa huruma. Wakorea maelfu walikufa Hiroshima, wengi wao watu walioletwa kufanya kazi kwa nguvu. Jiwe lao la ukumbusho lilijengwa mwaka 1970 nje ya bustani, ng'ambo ya mto. Ilibidi wasubiri mpaka 1999 ndipo likaingizwa ndani. Tulilipata likiwa limelowa, limejaa maua ya karatasi. Na kuko watu wa mvua nyeusi. Baada ya bomu ilinyesha mvua nyeusi yenye sumu. Serikali ikachora mstari kwenye ramani: mwenye kunyeshewa ndani ya mstari anaweza kupata kitabu cha matunzo na kutibiwa bure, wa nje, hapana. Wazee 84 wakapeleka serikali mahakamani. Mwaka 2021, miaka 76 baada ya ile mvua, wakashinda. Walikuwa na nini mkononi? Walikuwa na majina, na mahali kila mtu alikuwa siku ile.

Sisi tuna nini? Shinkolobwe yenyewe iliporomoka mwezi wa 7 mwaka 2004 juu ya wachimbaji wa mikono, wakati ilikuwa imeshakatazwa kuchimba. Kila mara mlima ukishuka kwetu, mmoja anasema wamekufa 10, mwingine 40, mwingine anasema hakuna aliyekufa, na wote hakuna mwenye karatasi. Mjane anaomba cheti cha kifo, anaulizwa: bwana wako alikuwa shimo gani? Hajui. Anajua tu "alienda kwenye kolta".

Nimeshalisema hili mikutanoni na najua watakachojibu. PDG wa shimo atasema orodha inaleta taksi na watu wa silaha. Kijana atasema yeye anajulikana kwa jina la utani, na hataki mke wa kwanza amfahamu alipo. (Hiyo ya mwisho ni kweli zaidi kuliko zote.) Hofu ya taksi ninaielewa, nimelipa taksi za rangi zote. Lakini anayetaka kutukamua ameshahesabu magunia yetu, hata bila orodha. Sisi wenyewe ndio hatujihesabu.

Ninachoomba ni kidogo. Kila shimo liwe na daftari. Asubuhi, kabla ya kushuka, jina, jina la baba, kijiji, namba ya simu ya nyumbani. Jina la utani pia liandikwe, juu ndilo wenzake watalikumbuka. Jioni mtu akitoka anapigwa alama. Kila juma nakala moja iende kwa koperative, nyingine parokiani ama msikitini, mahali ambapo PDG hawezi kuichoma. Na wewe mama, kabla bwana ama mtoto hajapanda moto kwenda, muulize jina la shimo na jina la PDG, uandike nyuma ya mlango. Akikasirika, aende na hasira, lakini awe ameshajibu.

Mwenzangu wa Likasi alinunua daftari pale pale karibu na stesheni ya tramu. Ukurasa wa kwanza aliandika lile jina la utani la babu yake, na mbele yake akaacha nafasi. Mimi yangu nilinunua Birere nilipofika, ya kurasa 96. Sasa inakaa kwenye shimo la vijana wa avenyu yetu, ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mvua, na wameshafika ukurasa wa 31.