MALI BILA DAFTARI

Huduma kadhaa za Serikali sasa hutolewa kwa intaneti, nasi watu wa visiwani tumepunguziwa nauli ya boti. Lakini mwananchi ajazaye fomu ya kurasa nyingi huweza kurudishwa mwanzo kwa kuwa seva imezimika.

Seva humtambua kila mtu kwa namba ya kikao, na huandika mahali alipofikia. Maandishi hayo yakiwekwa katika kumbukumbu ya muda tu, umeme ukikatika hufutika. Wazanzibari hatujasahau kiza cha Desemba 2009 hadi Machi 2010. Yakiwekwa katika hifadhidata ya majedwali, ambayo misingi yake ilielezwa na Edgar Codd mwaka 1970, hubaki katika diski, na hata seva nyingine huweza kuyasoma.

Hatukatai kwamba njia hii huiongezea hifadhidata kazi. Aidha, vikao vilivyopitwa na wakati havina budi kufutwa, kwani mwizi wa namba huingia kwa jina la mwenyewe.

Tunawasihi wakuu wa idara wawatake mafundi wao kuitumia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.