Tusinunue trekta kwa ulaini wa usukani

CHAMA cha wakulima kikishachanga fedha za trekta dogo lililotumika, wajumbe hufika kwa muuzaji na swali moja: je, lina pawa steringi? Likiwa nayo, mtu huzungusha usukani kwa kidole, wenzake wanacheka kwa furaha, na bei haijadiliwi tena.

Mimi naona swali hilo linaulizwa mapema mno. Nasema hasa na wenzangu tuliorudi Burundi kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu mwaka 2008 na 2009, tunaolima mpunga na mahindi huku Imbo, pamoja na wafanyabiashara wanaopitisha mali Manyovu na Mugina.

Usukani wa kawaida ni chuma kwa chuma. Nguvu ya mkono inapita kwenye giaboksi ya steringi, inasukuma fito, tairi zinageuka. Ukisumbua, mara nyingi ni bolijointi iliyolika au grisi iliyokauka, kazi ambayo fundi wa kijijini anaiweza. Pawa steringi inaongeza pampu, mipira ya oili na sili. Mpira mmoja ukipasuka, oili inamwagika shambani, usukani unakuwa mzito kupita hata ule wa kawaida, na trekta linaegeshwa kungoja spea. Mvua haingoji spea.

Wapo wanaosema kuwa usukani mgumu unawafungia nje akina mama na wazee. Hoja hiyo siibezi. Mali iliyonunuliwa kwa michango ya wote haiwezi kuwa ya vijana wenye misuli peke yao. Lakini ugumu mwingi tunautengeneza wenyewe: tairi za mbele hazina upepo wa kutosha, viungo havijapata grisi kwa miezi, na dereva analazimisha kukata kona trekta likiwa limesimama. Jaza upepo, tia grisi, geuza magurudumu yakiwa yanatembea. Trekta dogo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu litamtii mama yeyote anayeshinda na jembe. Tahadhari ni moja: vidole gumba vikae juu ya usukani, visizunguke kwa ndani, maana tairi ikigonga jiwe usukani huruka na unaweza kuvunja kidole.

Naomba nieleweke. Trekta lenye koleo la kubebea udongo mbele ni habari nyingine. Mzigo wote hulalia ekseli ya mbele, na hapo pawa steringi si anasa. Hata trekta zito la kusukuma magurudumu yote manne, likifanya kazi kutwa, humchosha sana dereva asiye nayo. Chama chenye kazi hizo kiinunue bila kusita, lakini kitenge na fedha za matengenezo.

Kwa ndugu zetu wafanyabiashara: anayeleta trekta lenye pawa alete pia sili, mipira na oili inayotakiwa, na amwonyeshe mnunuzi mahali pa kupimia oili hiyo. Mkulima aliyepoteza msimu hana fedha ya kununua kitu kingine kwako.

Kabla ya kugusa usukani, basi, wajumbe waulizane mambo matatu: kazi ipi, dereva nani, spea zitatoka wapi? Majibu hayo ndiyo yachague trekta.