Umoja Gani Huu Unaoficha Makaburi?

Kila nikiitaja Chechnya hapa kijiweni, kuna atakayenikata kauli: "Mzee, hayo ni mambo ya ndani ya Urusi." Hoja hiyo si ngeni. Mwaka 1996, akiwa Moscow, Bill Clinton aliifananisha vita ya Chechnya na ya Lincoln ya kuizuia Marekani isigawanyike. Nasi Waafrika tulikubaliana Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka tuliyorithi.

Hata mimi sina hamu ya kuona nchi zikimeguka. Lakini Tanzania hii hii ya Muungano iliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, Aprili 1968, kwa kuwa Mwalimu Nyerere aliamini umoja hujengwa kwa ridhaa, si kwa mtutu.

Wachecheni waliombwa ridhaa lini? Februari 23, 1944, Stalin alianza kuwazoa pamoja na ndugu zao Waingushi, watu karibu nusu milioni, wakasombwa kwa mabehewa ya mizigo katikati ya baridi kali hadi Kazakhstan na Kyrgyzstan. Maelfu kwa maelfu walikufa, na ruhusa ya kurudi kwao ikaja 1957. Dzhokhar Dudayev, jenerali wa anga wa Kisovieti aliyetangaza uhuru mwaka 1991, alipelekwa uhamishoni akiwa kichanga.

Desemba 1994 Rais Yeltsin wa Urusi alipeleka vifaru Chechnya. Mji mkuu, Grozny, ulipopondwa mabomu, wengi waliokwama mjini walikuwa wazee wa Kirusi, wasio na ndugu vijijini wa kuwakimbilia. Mkataba wa Khasavyurt wa 1996 ulileta ahueni, lakini 1999 vita ikarudi.

Februari 2000 mama mmoja alimwona mwanawe kwenye taarifa ya habari ya televisheni. Kijana alikuwa amejeruhiwa na kukamatwa katika kijiji cha Alkhan-Kala. Jenerali wa Kirusi alimhoji, kisha akasikika akiamuru aondolewe na kuuawa. Tangu hapo hakuonekana tena. Mama yake alizunguka magereza na maofisi bila jibu. Julai 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Urusi iliwajibika kwa kifo chake. Jenerali yule alitunukiwa nishani ya Shujaa wa Urusi.

Shirika la haki za binadamu la Memorial lilikadiria waliotoweka katika vita ya pili kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Natalya Estemirova, aliyekuwa akifuatilia kesi hizo, alitekwa nje ya nyumba yake Grozny Julai 2009, na siku hiyo hiyo akakutwa ameuawa kwa risasi.

Nitaulizwa kuhusu Beslan. Mwaka 2004 zaidi ya watu 330 walikufa katika utekaji wa shule ya huko, zaidi ya nusu yao watoto. Aliyepanga unyama ule, kamanda wa waasi wa Kichecheni Shamil Basayev, hana utetezi kwangu. Lakini uovu wake haumfanyi yule mama kuwa mkosaji.

Septemba 2022 Urusi ilikoma kuwa mwanachama wa Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na mlango wa mahakama ile ukafungwa kwa malalamiko ya matendo yaliyofanyika baada ya hapo. Juu ya uhuru wa Chechnya, watu wenye busara wanaweza kupingana. Juu ya makaburi, sioni cha kubishania: serikali inayosisitiza kwamba waliotoweka ni raia wake iwaambie mama zao wamezikwa wapi.