Wawili, Matangi Matatu na Jangwa

Mwezi huu nakupeleka mbali kidogo, jangwani Arizona, Marekani. Usiogope, mada yetu ni ile ile: wewe na yule unayelala naye kitanda kimoja.

Tunasema kama hujasafiri na mtu, usijidai unamjua. Mimi naongezea: kama hujakaa naye siku 10 kwenye chumba cha mita saba, chenye jiko, kitanda na choo humo humo, bado una mengi ya kujua!

Sisi tunaishi Minnesota, ambako Januari ukitoka kutupa takataka unarudi huisikii pua. Mume wangu anafanya kazi usiku, mimi mchana. Tunapishana mlangoni kama walinzi wanaobadilishana lindo. Basi tulipopata likizo ya pamoja tukapanda ndege hadi Phoenix, tukakodi gari-nyumba, yaani gari lililobeba friji, bafu na kitanda mgongoni, tukashika njia ya magharibi.

Tusidanganyane, si kila kona ya Arizona ina joto wakati huo. Flagstaff na ukingo wa Grand Canyon wanakokwenda watalii wengi viko juu zaidi ya mita 2,000, na theluji inaanguka kweli kweli. Wajanja wanabaki chini: Yuma, Tucson na kamji kanakoitwa Quartzsite. Huko mchana wa Januari unaweza kukaa nje na fulana. Usiku, tafuta blanketi.

Quartzsite iliniacha mdomo wazi. Wakazi wake ni elfu chache tu, lakini kila msimu wa baridi wastaafu wa kaskazini na wa Kanada wanamiminika na magari-nyumba yao kwa maelfu. Wenyewe wanaitwa ndege wa theluji. Kwenye ardhi ya serikali nje ya mji kuna sehemu unaegesha bure mpaka siku 14, na nyingine za kulipia kibali, ambazo msimu wake ni Septemba 15 hadi Aprili 15. Makaburini kuna piramidi dogo lenye ngamia juu yake. Ni kaburi la Haji Ali, aliyefika Marekani mwaka 1856 kuwaongoza ngamia wa jeshi. Wenyeji ulimi uliwashinda, wakamwita Hi Jolly mpaka alipofariki mwaka 1902. Maskini!

Haya, turudi kwenye mapenzi. Ukiegesha jangwani hakuna bomba wala waya wa umeme. Una matangi matatu: la maji safi, la maji machafu ya sinki na bafu, na la choo. Letu la maji safi lilibeba lita 150 hivi. Wamarekani wanafundishana kuoga kwa dakika mbili. Sisi tuliokulia kwenye ndoo na kopo tulicheka tu. Betri nayo ni mgao mtupu. Hita inachoma gesi, lakini feni yake inakula betri, kwa hiyo mkiangalia filamu mpaka usiku wa manane, alfajiri mtatetemeka wote wawili. Nyumbani mmoja akisahau taa, bili inakuja mwisho wa mwezi na hakuna anayejua nani kaiacha. Kwenye gari-nyumba bili inakuja saa tisa usiku.

Na nani atamwaga tangi la choo? Tulipanga zamu kabla hata ya kuwasha gari. Unaanza na la choo, unamalizia na la sinki, ili maji ya sabuni yasuuze ule mpira. Zamu ya kwanza ilikuwa yake. Akavaa glavu, akatoka bila kunung'unika. Nakwambia, maua ya Valentine hayafui dafu!

Lakini kilichotufaa zaidi ni giza. Januari jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na usiku una karibu saa 14. Pale tulipoegesha simu hazikushika mtandao. Sebule ya kukimbilia hakuna. Ukinuna, unanuna huku magoti yenu yanagusana.

Usiku wa tatu, tukiwa na chai mkononi, akaniambia, "Mke wangu, mimi nataka turudi nyumbani. Sisemi likizo. Turudi kabisa."

Suala hilo tulikuwa tumelikwepa miaka mitatu. Minnesota kila likitaka kuibuka, mmoja wetu anawahi kazini. Pale hakuna aliyekuwa na pa kuwahi.

Sikumkubalia. Nilimwambia kozi yangu ya uuguzi imebakiza mwaka mmoja, na naogopa kuanza upya nyumbani kama mtoto wa shule. Naye akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kila simu ikiita kutoka Tanga akiwa kazini usiku, anaipokea moyo unadunda, akijua ni habari za mama yake. Tulibishana, tukanyamaza, tukalala tumepeana migongo. Asubuhi maji yalikuwa yamebaki kidogo, ikabidi tuulizane nani anaoga. Jamani, utamnunia vipi mtu mnayegawana naye ndoo?

Mpaka tunafika Tucson siku ya nane, tulikuwa tumekubaliana. Namaliza kozi, nafanya kazi mwaka mmoja tuweke akiba, kisha tunakaa na kalenda mezani. Na Desemba anakwenda kumwona mama mkwe, hata kama nauli itamtosha yeye peke yake. Tulitembelea hifadhi ya Saguaro, kaktasi ambayo inaweza kuchukua miaka 50 mpaka 70 kutoa mkono wa kwanza. Mume wangu akaiangalia, akasema, "Hii imekuzidi wewe kwa kujivuta." Nikacheka mpaka machozi.

Kama na ninyi mnafikiria safari ya aina hii, gawaneni kazi chafu kabla ya kuondoka. Tengeni pesa ya mafuta, maana magari haya yanakunywa: kama lita moja kwa kilomita nne. Endesheni mchana, egesheni kabla ya giza. Na filamu msijaze nyingi.

Wewe uliyeko Dar au Nairobi huhitaji viza. Hema moja hifadhini na ndoo mbili za maji zinatosha, mradi simu zizimwe na asiwepo wa kukimbilia kazini. Halafu mwulize mwenzio lile mnalolikwepa kila siku. Akikujibu usilolipenda, msikilize mpaka amalize, chai bado ipo.

Tukutane mwezi ujao, na mpendane!