Ufa na Mteguko: Neno Linalokosekana kati ya Kitale na Bungoma

Jina la Bonde la Ufa limezoeleka mno katika Kiswahili hata ni nadra mtu kuuliza iwapo kilichopo pale ni ufa. Ufa wa ukuta ni mwanya: pande mbili zimeachana, lakini kila upande ungali mkabala na mwenzake. Mahali ambapo mwamba umekatika, kisha upande mmoja ukauhama mwingine, ni jambo tofauti kabisa. Aghalabu neno moja hubebeshwa mambo yote mawili, na hasara yake haiishii kamusini.

Mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara iendayo Narok. Habari zikaenea duniani kwamba bara la Afrika linagawanyika. Kugawanyika kupo, kwa milimita chache kila mwaka; lakini wanajiolojia kadhaa waliueleza mwanya ule kuwa kazi ya maji yaliyozoa majivu laini ya volkano chini ya udongo. Mtangazaji mwenye neno "ufa" pekee angeitengaje mitazamo hiyo miwili?

Neno la kuitenga lipo katika vinywa vya watu. Mfupa uliotoka mahali pake husemwa kuwa umeteguka. Miamba nayo huteguka, na "mteguko wa miamba" ni istilahi inayoeleweka hata na asiyesoma jiolojia. Watakuwapo watakaodai kwamba kiungo kilichoteguka hurudishwa na mganga, ilhali mwamba haurudi. Hoja hiyo ina uzito wake, ila ni afadhali mteguko kuliko kulitafsiri neno la Kiingereza sisisi na kupata "kosa la miamba", kana kwamba mlima umetenda dhambi.

Faida kubwa zaidi ni kwamba neno hili hukubali kupambanuliwa. Aghalabu mkato wa miamba huwa umeinama, hivyo kuna upande uliolalia na upande uliolaliwa. Ardhi ikivutwa, upande uliolalia huteleza chini: huo ni mteguko wa kushuka. Anayetoka Kitale kuelekea mashariki, akaivuka milima ya Cherangani, hukutana nao kwenye ukingo wa Elgeyo, ambapo sakafu ya bonde la Kerio iko zaidi ya mita 1,000 chini ya Iten. Wa namna hiyo ndio uliotikisa Subukia tarehe 6 Januari 1928. Ardhi ilikatika kwa takriban kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita 2.

Ardhi ikisukumwa, upande uliolalia hupanda juu ya mwenzake. Mteguko wa kupanda ni mtoto wa migongano ya mabara, na mgongano wa aina hiyo umeacha alama katika njia ya Kitale na Bungoma. Msafiri afikapo Webuye huuona ukingo wa Chetambe, ambao wengi huukumbuka kwa vita vya Wabukusu na Waingereza vya mwaka 1895. Ni sehemu ya ukingo mrefu wa Nandi. Upande wa Kitale na Cherangani kuna miamba ya Ukanda wa Msumbiji, iliyokunjwa na kupikwa mabara yalipogongana yapata miaka milioni 600 iliyopita. Upande wa Bungoma ni miamba ya kale zaidi, ya miaka zaidi ya bilioni 2. Asidhani mtu kwamba sura ya leo ya ukingo huo ni ya wakati ule, kwa kuwa mteguko mkongwe huweza kuamka na kusogea kwa namna nyingine.

Wa tatu ni mteguko wa kupishana, ambapo pande mbili hupitana ubavu kwa ubavu kama matatu katika barabara nyembamba. Mfano wake ni ule wa Aswa, unaotoka Sudan Kusini na kupita kaskazini mwa Uganda ukielekea mlima Elgon. Mtetemeko wa tarehe 20 Mei 1990 karibu na Juba, wenye ukubwa wa zaidi ya 7, ulikuwa wa kupishana.

Anayeona kwamba huu ni mchezo wa wanaistilahi na aufikirie mwezi wa Novemba 2019, maporomoko ya ardhi yalipoua makumi ya watu Pokot Magharibi baada ya mvua kubwa. Mwanya mpya katika udongo wa mteremko huweza kuwa dalili ya maporomoko ya aina hiyo, na wakazi walio chini yake hupaswa kuhama usiku huohuo. Mteguko uliolala maelfu ya miaka hauwadai hivyo. Unadai nyumba imara. Chifu anaposimama barazani na kutangaza kwamba mtaalamu ameona ufa juu ya kijiji, mama mwenye watoto wanne hana njia ya kujua kama afungashe virago au arudi shambani.